Mtoto anataka kusoma "politiki": tumwambie nini?

Wiki hii nilikuwa nimepanga kuandika juu ya kukausha mihogo wakati wa mvua. Mniwie radhi, mihogo itangoja. Kuna jambo limetokea nyumbani kwa dada yangu mdogo, hapa Epulu, na kwa kuwa limekwisha kufika katika kikundi chetu cha akiba, si siri tena.

Binti yake amepata diploma ya Serikali. Mlisikia vigelegele, na wengine wenu mlirudi nyumbani na unga mweupe kichwani. Tulidhani kazi imebaki moja tu, kuchagua kati ya uuguzi na ualimu, maana huko ndiko binti zetu wanakokwenda. Siku ya tatu mtoto akaketi mbele yetu, mama yake na mimi mama yake mkubwa, akasema hataki kuwa muuguzi wala mwalimu. Anataka kusoma namna Serikali inavyokata shauri juu ya shule, afya, ardhi na msaada kwa maskini, na namna pesa na maneno ya mataifa mengine yanavyoingia katika mashauri hayo. Amesoma kwamba kule Uingereza chuo kiitwacho London School of Economics kinatoa digrii nzima ya somo hilo.

"Sisemi niende London," akasema. "Ninasema somo lipo, na ninalitaka."

Dada yangu alikuwa anachambua sombe. Aliacha mikono ndani ya bakuli, akasema neno moja: "Politiki." Kisha akainuka, akaenda mtoni bila ndoo.

Ninamwelewa. Hapa kwetu neno hilo lina harufu. Mtu akikuzungusha juu ya deni lake, unamwambia asikufanyie politiki. Kijana akianza kuongea sana mbele ya watu, wazee wanauliza kama ameingia katika politiki, na wanauliza kwa sauti ya chini. Tumeona watu wakifukuzwa, wakifungwa, wakiuawa kwa ajili yake. Mama gani atauza mbuzi ili mtoto wake akajifunze hilo?

Ila nadhani Kifaransa cha shuleni kimetufunga macho kidogo. Kina neno moja, politique, kwa mambo mawili. La kwanza ni kugombania kiti: vyama, kura, mikutano, fulana za bure. La pili ni mpango ambao wenye mamlaka wameuweka juu ya jambo fulani: nani ataingia shule bila kulipa, nani atalima wapi, mama akijifungua nani atalipia kitanda. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wameyatenga. La kwanza wanaliita siasa, la pili wanaliita sera. Nilipolisema neno hilo katika kikundi, mama mmoja akauliza: "Huyo Sera ni mtoto wa nani?" Tulicheka mpaka mwenye ufunguo wa sanduku akadondosha ufunguo. Lakini tangu siku hiyo tunalitumia, na ninyi mlitumie. Mtoto wa dada yangu anataka kusoma sera.

Na sera zilitukuta nyumbani kabla hatujajua jina lake. Chukueni msitu huu tunaoishi ndani yake. Mwaka 1992 Hifadhi ya Wanyama ya Okapi iliundwa, na Epulu ikawa makao yake. Ukubwa wake ni karibu kilomita za mraba 13,700, kama sehemu moja kati ya tano za msitu wa Ituri. Mwaka 1996 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia. Mwaka uliofuata, vita vikiwa vimeanza, ikaandikwa tena katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mashauri hayo yalikatwa mbali sana na hapa, lakini yalishuka mpaka jikoni kwetu: shamba linaweza kufika wapi, nyama gani inaruhusiwa chunguni, sehemu gani mtego wa kamba ni halali na sehemu gani ni kosa. Kwa sababu hifadhi hii si msitu mtupu. Ndani yake tumo sisi kandokando ya barabara, na ndani yake wamo Wambuti, walioujua msitu kabla ya sisi sote. Kwa hiyo iligawanywa: kuna sehemu ya kati isiyoguswa, kuna sehemu ya uwindaji wa jadi, na kuna sehemu za mashamba.

Sisemi hifadhi ni adui. Imeleta kazi kwa vijana wetu, na mnaosafiri kwenda Komanda au Beni mnajua msitu usiokuwa na mlinzi unaonekanaje baada ya miaka kumi. Ninasema tu kwamba nilimuuliza mama yetu mzee alikuwa wapi mwaka 1992 mambo hayo yalipozungumzwa. Akajibu: "Shambani." Hakulalamika. Ndivyo ilivyokuwa, wenye kuzungumza walizungumza na wenye kulima walilima.

Kisha ikaja ile Jumapili. Alfajiri ya tarehe 24 Juni 2012 watu wa Morgan waliingia Epulu, wakaua watu, walinzi wakiwa miongoni mwao, wakachoma, wakapora, wakachukua wanawake. Okapi wote 14 wa kituo walikufa. Huyu mtoto alikuwa na miaka sita, alikimbilia msituni ameshika kitenge cha mama yake, na wote waliolala msituni siku zile wanajua ninachosema, sitaongeza. Habari ile ilizunguka dunia, na mara nyingi ilianza na okapi. Watoto wanasikia mambo kama hayo na wanayaweka. Alipokuwa katika sekondari aliniuliza: "Mama mkubwa, wale watu walikuja kwa nini?" Nikamwambia walikuwa wabaya. Akasema hilo analijua, anauliza kwa nini walikuja hapa. Nikamweleza ninachojua: kwamba walikuwa wanatafuta pembe za tembo na dhahabu, na walinzi waliwazuia. Akauliza kama dhahabu inatoka hapa, pesa yake inakwenda wapi. Sikuwa na jibu.

Baadaye alilitafuta mwenyewe na kuniletea. Sheria ya madini iliyobadilishwa mwaka 2018 inasema kwamba katika ushuru unaolipwa na kampuni kwa madini yanayotoka, asilimia 15 ni ya eneo la chini, yaani sheferi, sekta au mji ambapo yamechimbwa, na asilimia 25 ni ya jimbo. Tena kampuni inapaswa kuweka kando angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya wenyeji. Nimeishi miaka yote hii bila kujua hata tarakimu moja kati ya hizo. Bila shaka dhahabu inayochimbwa kwa siri ndani ya hifadhi, mahali ambapo sheria inakataza, hailipi chochote kwa mtu yeyote. Hilo nalo mtoto alilijua.

Sasa shule, maana hapo kila mmoja wetu ana kidonda. Mnakumbuka primu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilipoacha kulipa walimu ipasavyo, wazazi walianza kutoa pesa ili shule zisifungwe. Ilikuwa msaada wa muda. Ule muda ulidumu karibu miaka 30. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, ilisema shule ya msingi ya Serikali ni lazima na ni bure. Maneno yalikaa kwenye karatasi, na sisi tuliendelea kulipa, na watoto waliendelea kurudishwa nyumbani saa tatu asubuhi. Septemba 2019 ndipo gratuite ilipoanza kweli. Ilikuwa furaha, na mimi nilipiga vigelegele kama wengine. Kisha madarasa yakajaa mpaka watoto wakaketi chini. Wale walimu tunaowaita NU, ambao hawakuwa katika orodha ya mshahara, walipoteza primu bila kupata mshahara. Juni 2020 Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 800 kusaidia mpango huo katika majimbo kadhaa. Mnaona basi: ahadi iliandikwa Kinshasa, pesa ikajadiliwa Washington, na mtoto ameketi chini kwenye udongo, mwalimu hana chaki.

Je, gratuite ilikuwa kosa? Mimi nasema hapana. Wasichana wengi wangebaki nyumbani, maana pesa ikipungua sote tunajua anayeondolewa shuleni kwanza ni nani. Lakini kabla ya kutangaza, mtu alipaswa kuhesabu: watoto wangapi watakuja, madawati mangapi yapo, walimu wangapi hawamo katika orodha, na pesa ya mkopo ikiisha nani ataendelea kulipa. Huyo mtu wa kuhesabu ndiye anayefundishwa katika somo hili. Ndiyo kazi yenyewe. Haipigi kelele na haivai fulana ya chama.

Juu ya Ebola nitasema kifupi, kwa sababu bado inauma. Mlipuko wa kumi wa nchi yetu ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 upande wa Beni, ukaingia katika teritware yetu ya Mambasa, hasa Mandima, na ukatangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walikuwa 3,470 na waliokufa 2,287. Zilikuja gari nyingi, mashirika mengi, pesa nyingi. Watu waliuliza kwa nini surua na malaria, vinavyotuua kila mwaka, havikuleta gari hata moja. Wakubwa waliliita swali hilo ukaidi. Lilikuwa swali la sera. Kisha ikajulikana kwamba baadhi ya waliokuja kutuokoa waliwadai wanawake miili yao ili wapewe kazi. Shirika la Afya Duniani, ile OMS, liliunda tume huru, na ripoti yake ya Septemba 2021 ilithibitisha. Mmoja wa wenyeviti wawili wa tume hiyo alikuwa Julienne Lusenge, yule yule aliyeanzisha SOFEPADI pamoja na wenzake huko Bunia mwaka 2000, wakati wa vita, ili kusimama na wanawake waliobakwa. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ulimpa tuzo yake ya haki za binadamu. Alianza kwa kuwasikiliza wanawake na kuandika walichosema. Ninamtaja kwa sababu dada yangu aliniuliza ni mwanamke gani kutoka huku aliyewahi kusikilizwa na wakubwa wa dunia, na huyo ndiye wa kwanza aliyenijia.

Na si peke yake. Sophie Kanza, aliyezaliwa 1940, ndiye mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata digrii ya chuo kikuu. Aliipata Lovanium, huko Kinshasa, mwaka 1964. Alisoma sosholojia, yaani elimu ya jamii, jirani kabisa wa somo tunalozungumza. Miaka miwili baadaye, 1966, akawa waziri wa kwanza mwanamke, na wizara aliyopewa ilikuwa ya mambo ya jamii. Mnaweza kukumbuka pia kwamba tangu 2024 waziri mkuu wetu ni mwanamke, Judith Suminwa, wa kwanza katika nchi hii. Yeye alisoma uchumi, akafanya kazi na PNUD ya Umoja wa Mataifa, akawa waziri wa mipango kabla ya kupanda.

Sasa, mtoto atasoma nini hasa? Nilimwomba anieleze kama anavyomweleza mtu wa soko. Akasema watajifunza historia ya namna nchi zilivyoanza kuwatunza wazee, wagonjwa na wasio na kazi, na kwa nini nyingine zilifaulu na nyingine zikashindwa. Watajifunza uchumi kidogo na sheria kidogo. Watajifunza takwimu, na hapo mtoto mwenyewe alimeza mate, maana alisoma pedagoji na hesabu haikuwa rafiki yake. Tena watajifunza kuwauliza watu maswali bila kuwawekea jibu mdomoni. Hilo la mwisho lilinifurahisha. Ni mara ngapi mtu amekuja hapa na karatasi, akatuuliza "Mnahitaji sabuni, ndiyo au hapana?", akaondoka na ndiyo zetu?

Kwa jina la London hapa karibu hatulipati. Kinacholikaribia katika vyuo vyetu ni kitivo cha sayansi za jamii, siasa na utawala, kile wanachokiita SSPA. Kipo Chuo Kikuu cha Bunia, na kipo Chuo Kikuu cha Kisangani, ambacho ni cha zamani zaidi. Sisi wa Epulu tuko kwenye barabara moja na miji hiyo miwili: ukielekea mawio unafika Bunia, ukielekea machweo unafika Kisangani. Uganda kuna Makerere, Tanzania kuna Mzumbe na Dar es Salaam, lakini huko masomo ni kwa Kiingereza, na mtoto wetu Kiingereza chake ni cha kusalimia tu. Jambo moja wamama wengi hawalijui: mfumo umebadilika. Tangu mwaka wa masomo 2021 vyuo vyetu vimeanza kufuata ule unaoitwa LMD, ambamo lisansi ni miaka mitatu badala ya mitano ya zamani, kisha masta miaka miwili kwa anayetaka na anayeweza. Miaka mitatu si mitano. Mimi mwenyewe nilipumua niliposikia.

London basi? Ipo, lakini iko mbele. Serikali ya Uingereza ina msaada wa masomo uitwao Chevening, na Wakongomani wanaruhusiwa kuomba. Ni wa masta ya mwaka mmoja. Anayeomba awe na digrii ya kwanza, awe amefanya kazi angalau miaka miwili, ajue Kiingereza, na akimaliza arudi nchini kwake kwa miaka miwili. Kuomba hakulipiwi. Mtu akikuambia ana njia ya mkato ya Chevening kwa dola hamsini, mwonyeshe mlango.

Nisiwadanganye juu ya kazi. Wapo vijana wenye lisansi ya SSPA wanaoendesha pikipiki kati ya Mambasa na Komanda. Ukiingia katika kazi ya Serikali unaweza kungoja miaka kupata matrikuli, na ukiipata mshahara ni mdogo. Mashirika yanalipa vizuri zaidi, lakini yanakuja na mradi na kuondoka na mradi. Muuguzi hata asipoajiriwa anaweza kuchoma sindano kijijini akapata chumvi. Mtu wa sera asipoajiriwa atafanya nini? Mtoto alijibu kwamba sheferi zinatakiwa kuwa na mpango wa maendeleo ulioandikwa, kwamba kuna sheria ya 15 Julai 2022 inayotambua haki za Wambuti juu ya ardhi wanayoitumia, kwamba tangu 2014 kuna amri inayoruhusu jamii kuomba msitu wao kwa hati mpaka hekta 50,000, na kwamba mambo yote hayo yanahitaji mtu wa kuyaandika na kuyafuata. Ni kweli. Lakini nani atamlipa? Hapo alinyamaza, na nilimpenda zaidi kwa kunyamaza.

Dada yangu alirudi kutoka mtoni na kwa siku nne hakulisema neno hilo. Siku ya tano akaja kwangu usiku. Akasema haogopi somo tena, anaogopa barabara. Sote tunaijua barabara hiyo na tunajua yaliyowapata wasafiri. Anaogopa pia chumba cha kupanga Bunia, msichana peke yake, na wanaume wenye gari. Halafu akasema ana nusu ya pesa ya mwaka wa kwanza: mbuzi wawili, mafuta ya ngazi ya msimu huu, na pesa aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya mabati. Nusu nyingine ataiomba kwenye kikundi.

Ndivyo ilivyofika kwetu Alhamisi iliyopita, na ndipo tulipokwama. Kanuni yetu tunaijua: mkopo hauzidi mara tatu ya hisa zako, na unarudishwa ndani ya miezi mitatu. Kanuni hiyo ni ya biashara ya chumvi na samaki. Haikutungwa kwa mtu anayesoma miaka mitatu. Mwenyekiti akasema kanuni ni kanuni. Mama muuza vitenge akauliza nani aliyeiweka. Kimya. Kisha mmoja akasema: "Ni sisi."

Basi mazungumzo yakawaka. Mwingine akasema tuchukue katika mfuko wa msaada, ule wa matanga na ugonjwa. Mwingine akajibu kwamba mfuko huo ukiwa mtupu na mtu akafa, tutamzika kwa diploma? Mwingine akauliza kama leo ni msichana, kesho mvulana wake naye ataingia. Na kama mkopo ni kwa mwenye hisa nyingi tu, watoto wa wenye hisa moja watasoma lini? Mmoja akasema mama mwenye mume hawezi kuahidi deni la muda mrefu bila ruhusa ya bwana. Hapo ilibidi nisimame. Sheria ya familia ilibadilishwa tarehe 15 Julai 2016. Ruhusa ya mume imeondolewa, na sasa ni mume na mke kupatana wote wawili kabla ya mmoja wao kujifunga. Bwana wa dada yangu amekwisha kupatana naye, niliwaona kwa macho yangu, ingawa alipatana kwa kuguna.

Mama mmoja Mmbuti, ambaye huleta asali na sasa ana hisa mbili katika sanduku letu, hakuwa amesema kitu jioni nzima. Akauliza swali moja: "Akisoma, atarudi?"

Tukamgeukia mtoto. Alikuwa ameketi pembeni na daftari la kikundi, maana tangu mwaka jana ndiye anayetuandikia. Angeweza kusema ndiyo. Sote tulikuwa tunaingoja hiyo ndiyo. Akasema: "Sijui, mama. Ninataka. Lakini nikiwaahidi leo nitakuwa ninawafanyia politiki."

Hatukukata shauri. Ilikuwa jioni na mawingu yalikuwa yamejaa. Tulikubaliana kwamba kila mmoja arudi na pendekezo lake la kanuni ya mkopo wa masomo: kiasi gani mwisho, muda gani, nani anaweza kuomba, mdhamini ni nani, na mtoto akiacha masomo katikati inakuwaje. Mapendekezo matatu nimeyapata tayari, moja limeandikwa nyuma ya karatasi ya sabuni, na ndilo zuri kuliko yote mpaka sasa: linasema mzazi arudishe robo wakati mtoto anasoma, na mtoto mwenyewe arudishe iliyobaki akianza kupata chochote, awe Bunia, Kisangani au hapa hapa. Wasiojua kuandika wanieleze kabla ya Jumatano, nitaandika kama walivyosema, bila kuongeza langu.

Tunakutana Alhamisi baada ya soko, mahali pa kawaida. Kila mmoja aje na kitabu chake cha hisa. Wenye funguo wote watatu wawepo, tafadhali, si kama mara ile.

Mihogo ni wiki ijayo.